Visima vya Mchangani: Siku Nane za Misheni Turkana

Daftarini mwangu mlikuwa na majina ya kaya 143. Pakiti za unga tulizonunua Kitale na kuzipakia kwenye lori zilikuwa 120, za kilo mbili mbili. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, siku ya tano ya misheni yetu huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika kijiji kimoja kilicho magharibi mwa mji wa Lodwar, upande wa milima ya Loima, na watu walikuwa wameketi chini ya migunga tangu alfajiri wakisubiri kuitwa. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Nilikuwa nimekwisha kuita majina mia moja nilipotambua kwamba hesabu haitatimia, na tangu dakika ile ulimi ukanikauka, nisiweze kulitamka jina lililofuata, ingawa mwenye jina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu akinitazama, na mfuko wake mtupu ameukunja vizuri mkononi.

Niliporudi nyumbani Rabai, karibu na Mombasa, niliombwa kutoa ushuhuda kanisani. Nilisimama kwa dakika tatu hivi, nikasema kwamba Bwana ni mwema na kwamba alitutia nguvu, watu wakaitikia amina, nami nikaketi. Sikusema uongo. Lakini sikueleza ilikuwa nguvu ya namna gani, wala ilinijia lini, wala kwamba kabla haijanijia nilikuwa nimeikosa kabisa mbele ya watu niliokwenda kuwahudumia. Kila mwaka vijana wa kanisani hunijia kuniuliza kama nao waende misheni, na naona ni haki yao kupata jibu refu kuliko lile la dakika tatu.

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa msiba kwangu. Mama yangu alifariki mwezi Machi baada ya kuugua kwa miezi kumi na minne, na muda wote huo mimi ndiye niliyemuuguza, nikitoka shuleni ninakofundisha Kiswahili na kwenda moja kwa moja kitandani pake. Tulimwombea apone. Tulifunga, tukakesha, wakaja watumishi wa Mungu kutoka pande nyingi wakamwekea mikono, na mama hakupona. Baada ya maziko niliendelea kuhudhuria ibada kila Jumapili, nikiimba na kuitikia kama ilivyo desturi, lakini nyumbani sala zangu zilikuwa zimekauka. Nilipiga magoti, nikasema Baba Yetu hadi mwisho, kisha nikabaki kimya kwa sababu sikuwa na la kuongeza. Chumba chake nilikifunga kwa ufunguo wiki ileile ya matanga, na ufunguo nikautia katika kopo tupu la majani ya chai juu ya kabati la jikoni.

Kwa hiyo Kasisi wetu alipotangaza mwezi Septemba kwamba kundi la watu kumi na wawili litakwenda Turkana mwezi Desemba, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Wengi walinisifu kwa moyo wa kujitoa. Leo naweza kukiri kwamba nilikuwa nikifanya biashara na Mungu: niliamini kuwa mtu anayempa siku zake za likizo, akasafiri mbali hivyo kwa ajili yake, hawezi kurudishwa mikono mitupu.

Kwa mtu aliyezaliwa Rabai, neno misheni halina ugeni. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, alifika Mombasa kuanza kazi mwezi Mei 1844, na tarehe 13 Julai mwaka huohuo mkewe Rosine akafariki kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na tulipokuwa watoto wa shule ya Jumapili tulipelekwa kuliona. Miaka miwili baadaye akaja Johannes Rebmann, na mwezi Agosti 1846 wote wawili wakapanda kuja kwetu Rabai kuanzisha kituo, kila mmoja akiwa na homa, wakipokezana kumpanda punda mmoja waliyekuwa naye. Makumbusho ya Krapf yako karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, nami nimewaongoza wanafunzi wangu humo mara nyingi nikiwasimulia habari hizo kwa fahari, kama habari za watu ambao walikuwa na imani isiyochoka. Nilidhani misheni ndivyo inavyotaka: mtu ajitosheleze kwanza nyumbani, ndipo atoke.

Nami nilijiandaa hivyo. Kwa wiki sita tulikutana kila Alhamisi jioni kwa maombi, akina mama waliuza mahamri na mbaazi baada ya ibada ili kuchangia nauli, ikafanyika harambee, na siku tatu za mwisho tulifunga. Wakazi wa kwetu pwani wanajua jinsi mtu anavyojaza kila mtungi, kila ndoo na kila sufuria anaposikia kwamba maji ya mfereji yatakatwa. Imani yangu niliijaza vivyo hivyo. Nilisoma Zaburi usiku kucha, nikaandika mistari katika vikaratasi na kuvipanga ndani ya mkoba, nikaondoka nikijiona nimejaa hadi shingoni.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Tulipanda treni Miritini hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Kitale, ambako tulinunua unga, maharagwe na mafuta ya kupikia na kukodi lori pamoja na gari dogo la abiria. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kilomita zipatazo 300. Barabara hupita Kapenguria, ikashuka milimani hadi Marich, na hapo ubaridi wa nyanda za juu humwacha msafiri ghafla, kama mtu aliyevuliwa shuka. Tuliimba hadi tulipokaribia Kainuk, mahali panapojulikana kwa mashambulizi ya wenye silaha, na hapo tukaungana na magari mengine yaliyosindikizwa na polisi na hakuna aliyeimba tena. Ng'ambo ya Lokichar tulianza kuiona mizoga kando ya barabara: mbuzi, punda, na ngamia mmoja. Mvua ilikuwa imekosekana kwa misimu minne mfululizo tangu vuli ya mwaka 2020, na vuli hii iliyokuwa ikiisha ilikuwa ya tano.

Mwenyeji wetu alikuwa mwinjilisti mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mpole wa maneno, anayehudumia makanisa matatu kwa miguu na kulipwa kwa nadra. Popote alipokwenda alibeba kigoda chake kidogo cha mti, kile ambacho Waturkana wanakiita ekicholong, ambacho mchana hukalia na usiku hukilalia kama mto. Alitulaza katika darasa la shule ya msingi iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Jioni ya kwanza, baada ya chai, alimuuliza kiongozi wetu kama tumekuja na chakula, na alipoambiwa ndiyo, akasema kwa utaratibu kwamba ingefaa wazee na akina mama wa kijiji waketishwe kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani yupo, nani amehamia malishoni na nani ana wageni nyumbani. Tulimshukuru kwa ushauri wake. Kisha tukafanya tulivyokuwa tumepanga tangu Rabai.

Ni lazima nieleze kwa nini ushauri ule ulikuwa mzito kuliko tulivyoudhani. Makanisa mengi yalipata mlango wa kuingia Turkana wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo huko Injili na gunia la mahindi viliingia siku moja, na kwa wengi havijawahi kutenganishwa. Mwinjilisti alitusimulia bila uchungu wowote kwamba wapo wazee ambao wakiona gari la kanisa huuliza kwanza limebeba nini. Yeye ndiye anayebaki baada ya gari kuondoka, na mgao ukienda vibaya, lawama humkuta yeye.

Siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri, na akiba yangu ilitosha. Tuliamka saa kumi na moja kwa sala, kisha tukagawanyika: tabibu na wauguzi wawili tuliokuwa nao walipima wagonjwa, wengine walikwenda kutembelea watu nyumbani kwao, na mimi nilikaa na watoto chini ya mti nikiwafundisha nyimbo na hadithi za Biblia kwa msaada wa binti mmoja mkalimani. Watoto walinifundisha kusema ejoka, salamu yao, na alakara, neno la shukrani. Waliniletea matunda ya mkoma, yaleyale ambayo mama yangu alikuwa akiyaguguna utotoni mwake Rabai, na nilipoyanusa nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Siku ya tatu nikaanza kupungua. Joto la mchana halikutupa nafasi ya kupumua, upepo ulijaza mchanga katika chakula na katika matandiko, kichwa kiliniuma mfululizo, na nilipovitoa vile vikaratasi vyangu nikavisoma, maneno yalikuwa yaleyale lakini hayakunifikia. Siku ya nne nilikwenda nyumba kwa nyumba. Katika kila boma nilisikia idadi ya mifugo iliyokufa, nami nikaahidi kuwaombea wenye nyumba na nikatoka nikijua moyoni kwamba nilikuwa nikitoa ahadi bila kuwa na kitu cha kuitimizia. Usiku wa siku hiyo sikusema hata Baba Yetu.

Ndipo ikafika siku ya mgao. Orodha yetu ya awali, iliyotokana na waumini na majirani zao, ilikuwa ya kaya 96, hivyo tuliona pakiti 120 ni za kutosha na kusaza. Lakini habari za lori zilikuwa zimesambaa. Watu walitembea usiku kutoka mbali, na walipofika mbele yangu wakataja majina yao, niliyaandika, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa sikupata moyo wa kumwambia hata mmoja kwamba daftari limefungwa. Upungufu ule niliutengeneza kwa mkono wangu mwenyewe. Kuliandika jina la mtu mwenye njaa ni kumpa neno lako, na mimi nilitoa neno langu mara 23 zaidi ya uwezo wetu.

Nilipolielewa hilo, niliweka kalamu juu ya daftari, nikaenda nyuma ya lori, nikaketi mchangani na kulia. Kilio chenyewe hakikuwa cha huruma. Kilikuwa cha hasira, na hasira ile nilimwelekezea Mungu, kwa maneno ambayo hadi leo nayakumbuka: nilimwambia kwamba alimnyima mama yangu nilipomsihi kwa miezi kumi na minne, na sasa, baada ya kuniita hadi huku, anawanyima na hawa mbele ya macho yangu. Miezi tisa nilikuwa nimeyafungia maneno hayo pamoja na kile chumba.

Wakati mimi niko nyuma ya lori, mwinjilisti alikuwa amekwisha kukiweka kigoda chake chini. Aliwaita wazee, akawaita akina mama, wakazungumza kwa muda wa nusu saa hivi, wengine wakipaza sauti. Kisha nikawaona wanawake wengi waliokwisha kupokea, ambao bado walikuwa wamepumzika kivulini kabla ya kuanza safari ya kurudi, wakirudi na pakiti zao, wakizipasua na kuumwaga unga juu ya turubai letu. Bibi mmoja mrefu, ambaye shanga zilimjaa shingoni hadi kidevuni, akaomba gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, akalijaza unga, akaukata kwa kiganja chini kidogo ya ukingo, akaanza kupima. Kila kaya ilipata kilo moja na nusu na zaidi kidogo. Yuko mzee mmoja aliyekataa katakata kurudisha pakiti yake, akaondoka nayo, na hakuna aliyemfuata; na maharagwe yalipokwisha kabla ya watu wa mwisho, palitokea maneno makali ambayo hayakuisha siku ile. Sitaki mtu adhani kila mmoja alirudi kwake ameridhika. Lakini jina lililokuwa limenishinda kulitamka liliitwa na mtu mwingine, na yule mwanamke akaukunjua mfuko wake.

Mwinjilisti alinikuta nikiwa bado nimeketi. Hakunilaumu, wala hakutukumbusha ushauri wake wa jioni ya kwanza. Alisema tu, "Mwalimu, hawa wangegawana usiku nyumbani, hata kama msingejua. Leo wamegawana mchana."

Usiku ule sikupata usingizi. Ndani ya darasa palikuwa na joto kama tanuri, basi nikachukua mkeka wangu nikaenda kulala uani, na huko mke wa mwinjilisti akanikuta. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kiturkana changu kilikuwa zile salamu za watoto, kwa hiyo hatukuzungumza. Aliketi karibu yangu, miguu ameinyosha mbele, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu pale palipokuwa pakiuma, akaanza kuomba kwa lugha yake, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, kama mtu anayemsimulia jirani mambo ya siku. Nilitambua maneno mawili tu: Akuj, ambaye ni Mungu, na ngakipi, ambayo ni maji. Mengine sikuyajua na hadi leo siyajui. Nilichokijua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu mama augue sikuwa na kazi yoyote katika sala. Sikutakiwa kuamini kwa bidii, wala kuchagua maneno, wala kuitikia mahali panapostahili. Sala ilikuwa ikiendelea na mimi nimelala ndani yake. Usingizi ulinichukua kabla hajamaliza.

Aliniamsha kabla ya mapambazuko na kuniambia neno moja, "Maji." Tulitembea kwa takriban nusu saa hadi kwenye laga, yaani mto wa msimu, ambao kwa wakati ule ulikuwa njia pana ya mchanga mweupe yenye mikoma kando kando. Katikati ya mchanga kulikuwa na mashimo, mengine yakifika kifuani kwa mtu mzima, na kando ya kila shimo mitungi ya plastiki ya lita ishirini ilikuwa imepangwa foleni. Shimo lake la jana lilikuwa limefukiwa zaidi ya nusu na upepo wa usiku pamoja na miguu ya mbuzi. Alifunga nguo yake vizuri, akashuka, akaanza kuutoa mchanga kwa bakuli kuukuu, nami nikawa naupokea na kuumwaga mbali. Mchanga mkavu ukawa mchanga wenye unyevu, unyevu ukawa tope, na tope likatulia polepole hadi kikajitokeza kidimbwi kisichozidi sufuria. Maji ya kwanza aliyamwaga. Ya pili akaanza kuyateka kwa kikombe na kunipa, kikombe kwa kikombe, akisubiri kila mara kidimbwi kijae tena. Mtungi mmoja ulituchukua zaidi ya saa nzima.

Nilimuuliza, kwa Kiswahili chepesi na ishara za mikono, kama wanachimba hivyo kila siku. Alinitazama kama anayeshangaa ni swali gani hilo, akanijibu, "Maji ya jana yalikwisha jana."

Nimefundisha habari za mana katika shule ya Jumapili kwa zaidi ya miaka kumi. Nimewachorea watoto wana wa Israeli wakiokota kila asubuhi kiasi cha siku moja, na wale waliojiwekea akiba wakikuta imeingia mabuu, nami daima niliwaambia kwamba ni funzo la utii. Kule mchangani niliielewa sura ile ya 16 ya kitabu cha Kutoka kwa namna ambayo ilinitia haya, maana niliona kwamba vile vikaratasi mkobani, kufunga kule kwa siku tatu, na Zaburi zile za usiku kucha, vyote nilivifanya ili nisilazimike kuomba nikiwa Turkana. Nilitaka nifike nikiwa na cha kutosha, nisimhitaji Mungu hadi nitakaporudi. Kwa mama pia nilikuwa nimefanya hivyo: nilitaka muujiza mmoja mkubwa wa kumaliza mambo yote, na kila asubuhi kwa miezi kumi na minne nilipoamka nikapata nguvu ya kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji na kwenda kazini, sikuihesabu kuwa ni jibu. Niliiona kuwa ni kuchelewa kwa jibu.

Nikamkumbuka pia Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika aliyemjia hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Na nikamkumbuka yule punda wa Krapf na Rebmann, ambaye miaka yote niliwasimulia wanafunzi habari zake kama kichekesho kidogo cha kupumzikia katikati ya masimulizi ya mashujaa. Wale watu hawakuwa na nguvu ya kufika Rabai. Walikuwa na punda mmoja, na zamu.

Siku tatu zilizobaki hazikuwa na jambo la kustaajabisha. Joto halikupungua na kichwa kiliendelea kuuma. Tofauti ilikuwa kwamba kila alfajiri nilikwenda lagani na mwenyeji wangu, na njiani niliomba mambo ya siku hiyo tu, kwa maneno machache. Siku ya saba nilipelekwa kumwona bibi kizee asiyeona, aliyeketi mlangoni pa kibanda chake. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza, kupitia mkalimani, kama mama yangu yupo. Nilisema alifariki mwezi Machi. Akataka kujua jina lake, nikamtajia, naye akalirudia mara mbili, akijitahidi kulitamka sawasawa, kisha akakaa kimya na mimi nikakaa kimya. Nilikuwa nimekwenda kumfariji yeye. Nililia pale mbele ya mlango wake, na hakikuwa tena kile kilio cha nyuma ya lori.

Sasa nirudi kwa vijana wanaoniuliza. Rebmann alikaa huku kwetu tangu 1846 hadi 1875, miaka 29, bila kurudi kwao hata mara moja, na aliondoka akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata. Sisi tulikaa siku nane. Sioni vema kuziita siku hizo kwa jina lilelile bila kusita. Tulipofanya hesabu baada ya kurudi, tuliona kwamba nauli, lori na malazi ya watu kumi na wawili viligharimu zaidi ya chakula chote tulichopeleka, na fedha hizo zingemtunza yule mwinjilisti kwa miezi mingi. Nimewaona pia watu wanaokwenda misheni ili wapigwe picha wakimkabidhi mwenye njaa pakiti, na hilo linaniumiza, kwa sababu yule aliyepigwa picha hakuulizwa. Kanisa letu lilikubali kubadilika. Tangu mwaka 2023 msaada hutangulia kupitia parokia ya hukohuko, orodha huandikwa na wazee wa kijiji, anayetumwa ni mtu mmoja au wawili wenye kazi maalumu kama ya utabibu, na hakuna kamera wakati wa mgao.

Hata hivyo siwaambii vijana wasiende. Nawauliza kama kuna mtu kule aliyewaomba waje, na kama wako tayari kukaa siku ya kwanza na ya pili wakisikiliza. Kwa upande wangu, najua kwamba kama ningebaki nyumbani na kutuma mchango wangu, ningekuwa nimefanya jambo jema, na chumba cha mama kingekuwa kimefungwa hadi leo.

Kilifunguliwa mwezi Januari. Niliutoa ufunguo kwenye kopo asubuhi moja kabla ya kwenda shuleni, nikaingia, nikakunja leso zake tatu, nikatoka na kufunga. Kesho yake nilishughulikia droo moja. Siku ya tatu nilishindwa kuingia, na ya nne nikaweza. Kazi hiyo, ambayo dada zangu walisema ingefanywa kwa mchana mmoja, ilinichukua karibu mwezi mzima, na kila asubuhi niliomba kiasi cha asubuhi hiyo.

Mwezi Aprili mwinjilisti alinipigia simu. Masika ya mwaka 2023 yalikuwa yamefika kaskazini hatimaye, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakizungumza kwa furaha na mtoto akiita. Alisema mvua imenyesha siku mbili, na laga imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na watu wamesimama wakiutazama tu mto. Nilimuuliza habari za visima.

"Mto umevifukia vyote, Mwalimu," akasema. "Mama anakusalimu. Anasema maji yakipungua watachimba."